Kumtoa mtu kwenye kusitasita: mwongozo kwa anayemsaidia mwenzake kusema Kiswahili

Kuna anayekijua Kiswahili na kuna anayekisema. Wa kwanza ukimpa karatasi ya mtihani ataijaza vizuri, ngeli anazitaja kwa majina, na daftari lake limejaa maneno. Muulize jana alikwenda wapi: anatazama dari. Huenda ni mke au mume aliyetoka nchi nyingine, mtoto aliyekulia Marekani au Uingereza ambaye anasikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, au mgeni unayefanya naye kazi. Mwongozo huu umeandikiwa wewe unayekaa naye, uliyezaliwa ndani ya lugha na hukusomea ualimu.

Watu husema "anaongea Kiswahili kama maji", na msemo huo umelenga penyewe, maana kinachotafutwa hapa ni mtiririko. Shuleni neno "ufasaha" hubeba zaidi usafi wa lugha, ndiyo maana wengi huchanganya mambo mawili. Mtu wa Lubumbashi anayesema "batoto" na kijana wa Nairobi anayesema "kitabu yangu" wote wanaongea kama maji, hata kama mwalimu wa Kiswahili sanifu angewakata alama. Mwanafunzi wako pengine ni kinyume chao: kila neno lake ni sanifu na hakuna sentensi inayofika mwisho. Kwa hiyo amueni mapema anajifunza aongee na nani. Wakwe wako Tanga? Fuateni Kiswahili cha Tanga, na mengine atayaokota njiani.

Mfumo wa viwango vya lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ule wa A1 hadi C2, una kipimo kimoja kizuri kwenye B2, kiwango cha nne kati ya sita: mtu huyo aweze kuzungumza na wenye lugha bila upande wowote kuchoka. Upande wowote, yaani na wewe umo. Ukimaliza dakika kumi naye huku kichwa kinakuuma kwa kumsubiri, bado kuna kazi.

Anza kwa kupima, na upime kimya

Washa kinasa sauti cha simu. Mwambie aeleze kwa dakika mbili alichofanya jana tangu alipoamka hadi mchana. Asiandae, asiandike, na wewe usimsaidie neno hata akikutazama kwa huruma. Baadaye jirekodi na wewe ukieleza siku yako kwa dakika mbili hizo hizo, kwa mwendo wako wa kawaida.

Sasa kaa uandike alichosema neno kwa neno, pamoja na kukwama kwake. Hesabu silabi badala ya maneno, kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kubeba sentensi nzima. Kuhesabu ni rahisi: kila irabu ni silabi, na "m" au "n" inayosimama peke yake nayo ni silabi, kama ilivyo kwenye m-tu na n-chi. Weka idadi yake kando ya yako. Kisha weka mkwaju (/) kila mahali aliponyamaza kwa muda unaotosha kutamka neno "moja".

Tuseme umepata hiki:

"Jana ni-li / nilienda sokoni na / na kununua mchele. Mchele / yangu / wangu / ilikuwa / ulikuwa ghali."

Idadi ya mikwaju haikwambii mengi. Tazama imekaa wapi. Sisi wenyewe hunyamaza mara nyingi tunapoongea, ila hunyamaza sentensi au kishazi kinapoisha, kabla ya kuanza kingine. Mwanafunzi aliyekwama hunyamaza katikati, na kila mahali pana ugonjwa wake:

Kimya kabla ya jina la kitu: neno halijui, au analijua na haliji haraka.

Kimya ndani ya kitenzi, kama "ni-li /": anaunganisha viambishi kimoja kimoja kama mtu anayepanga matofali.

Kimya baada ya jina, kabla ya "yangu" au "ilikuwa": anatafuta ngeli.

Kimya baada ya "na", "kwamba" au "ambaye": anatafsiri kutoka lugha yake, na muundo umemwishia njiani. Hapo ndipo huzaliwa vitu kama "mtu ambaye mimi niliongea na", badala ya "mtu niliyeongea naye".

Hesabu kila aina. Ile yenye mikwaju mingi ndiyo mtakayoanza nayo. Kwa wengi walio katikati ya safari ni kitenzi, ndiyo maana nitakaa hapo kuliko kwingine.

Kitenzi: kiulize, kijibiwe

Kitenzi chetu kina mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi na mnyambuliko ndani ya neno moja. "Sijampelekea" ni si, ja, m, pelek, ea. Kulitamka kwa pumzi moja kunahitaji kulitamka mara nyingi, na jedwali la daftarini halitoshi kwa hilo.

Bahati nzuri lugha yenyewe imetupa zoezi. Mswahili akiulizwa "Umempelekea mama dawa?" hujibu "Nimempelekea" au "Sijampelekea". Anakirudia kitenzi chote, amegeuza nafsi na pengine wakati. Basi muulize maswali ishirini ya namna hiyo mfululizo, dakika kumi kila siku, na ajibu kabla hujahesabu kimoyomoyo hadi mbili. Asipowahi, litamke jibu mwenyewe, alirudie, endeleeni. Swali hilo lirudi tena baada ya maswali matatu.

Wiki ya kwanza baki kwenye -me- na -ja-: Umekula? Sijala. Amefika? Hajafika. Mmemwona? Hatujamwona. Wiki ya pili -li- na -ku-: Ulimpigia? Sikumpigia. Wiki ya tatu -ta- na ukanushi wake, ha-...-ta-: Watakuja? Hawatakuja. Wiki ya nne ombi na ruhusa: Nimpelekee? Mpelekee. Nimngoje? Usimngoje. Hii ya nne usiiruke, kwa sababu anayetafsiri kutoka Kiingereza husema "nataka wewe kuja" kwa miaka na watu humwelewa, kwa hiyo hakuna anayemwambia ni "nataka uje".

Kuna mtego wa vitenzi vifupi: kula, kuja, kunywa, kufa. Wanafunzi husema "nimela" au "akakuja", nawe unamwambia "hatusemi hivyo" bila kujua kwa nini. Sababu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo, kwa hiyo "ku" hubaki ili iubebe: nimekula, alikuja, watakunywa. Viambishi vinavyoweza kuubeba huiacha "ku" iende zake: akaja, akija, huja, hajaja. Mpe hizo saba azisome kwa sauti, mkazo ukiwa pale pale. Sikio litashika kanuni kabla ya kichwa.

Kisha mfundishe -ka- mapema kuliko vitabu vingi vinavyofanya. Anayesitasita huamua upya wakati kwa kila kitenzi. Ukimpa "nilienda sokoni, nikanunua mchele, nikarudi, nikapika", anaamua mara moja tu, mwanzoni, na vingine vyote vinafuata njia ile ile. Ile "na kununua" ya kwenye rekodi huponea hapa.

Ngeli: usiwahi kutaja jina bila mkia

Kosa la kawaida ni kufundisha majedwali yote ya ngeli kwanza. Jedwali linamfanya mtu ajiulize "mchele uko ngeli gani?" wakati anaongea, na swali hilo ndilo kimya chenyewe.

Kuanzia leo kila jina aliandike na kulitamka na mkia wake: mchele wangu, gari langu, nyumba yangu, kitabu changu, ukuta wangu, maji yangu, mahali pangu. Asiandike "ufunguo" peke yake. Aandike "ufunguo wangu, funguo zangu". Mkia ukishakaa mdomoni, mwingine hujipanga nyuma yake: funguo zangu, funguo zangu zote, funguo zangu zote mbili, funguo zangu zote mbili zimepotea. Rudia mnyororo huo kwa majina matano kila siku, ukiongeza kipande kimoja kimoja, asisimame.

Viumbe hai wawe somo la kwanza kabisa. Kifaru, kiboko na kijana vina sura ya KI-VI, lakini tunasema "kifaru yule mkubwa anakuja". Halafu kuna ndugu na marafiki wanaokaidi: mama yangu, ndugu zangu, rafiki yangu. Mwanafunzi mwenye bidii akisema "mama wangu", usimweleze kanuni. Mpe jibu sahihi, arudie mara tatu.

Habari moja, mara tatu: dakika 4, 3, 2

Hili ndilo zoezi kuu la mtiririko. Hutajwa sana katika maandishi ya Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand. Mwanafunzi anaeleza jambo kwa dakika nne, kisha jambo lile lile kwa dakika tatu, kisha kwa mbili. Kila mara, mkiweza, amweleze msikilizaji mwingine: wewe, shangazi kwa simu, mtoto wa jirani. Msikilizaji mpya humfanya aone ana sababu ya kusema tena.

Mada iwe nyepesi na isiwe na neno asilolijua. Watu wengi huharibu hapa kwa kumpa mada "ya maana", uchumi au siasa, akaishia kutafuta maneno. Mtiririko hujengwa kwa vitu ambavyo tayari anavijua. Jinsi ya kupika wali wa nazi, safari ya basi, siku simu ilipoharibika: vinatosha.

Mambo mawili huenda kombo. La kwanza, muda ukipungua anakata habari badala ya kuongeza mwendo. Dawa yake ni kuchora vipicha sita kwenye karatasi, kimoja kwa kila tukio, na kudai vyote sita hata kwenye dakika mbili. La pili, kosa alilolianza nalo hulirudia mara tatu na likazidi kukaa. Kwa hiyo usimkatize akiongea, lakini baada ya raundi ya kwanza chagua kosa moja, moja tu, mweleze, kisha endeleeni na ya pili. Kesho yake rudieni habari hiyo hiyo mara moja kabla ya kuanza mpya. Mwanafunzi atalalamika kwamba anachoka na habari moja. Mvumilie kwa upole, kwa sababu kurudia huko ndiko kunakofanya kazi.

Mfundishe kulizunguka neno

Neno litamkosa siku zote. Hata wewe linakukosa. Tofauti ni kwamba wewe unasema "kile nanihii, cha kukunia nazi" na mazungumzo yanaendelea, mtu mwingine anakumalizia: "mbuzi". Yeye husimama, hufungua kamusi ya simu, na wenzake wanageukia mengine.

Mpe silaha hii: kitu cha + kitenzi cha kutendea. Cha kukunia nazi. Cha kuchotea maji. Cha kupepetea mchele. Cha kufungulia chupa. Kauli ya kutendea inamwezesha kutaja chombo chochote duniani bila kukijua jina. Ingia naye jikoni, elekeza kidole kwenye vitu kumi na tano, akitaje kila kimoja kwa kazi yake bila jina. Kisha fanyeni kinyume: wewe eleza kazi, yeye akilete. Watoto hupenda sana mchezo huu.

Pamoja na hilo mpe maneno ya kujazia kimya: yaani, sasa, ngoja kidogo, linaitwaje lile, kwa maana kwamba. Akisema "yaani... linaitwaje lile..." anabaki ndani ya Kiswahili na zamu yake hainyang'anywi. Akisema "aaam" ya Kiingereza, wewe mwenyewe utamjibu kwa Kiingereza bila kujua.

Sikio, na kosa letu sisi wenye lugha

Tukiona mgeni haelewi, tunapunguza mwendo kwa kukatakata maneno: "U. Na. Kwenda. Wapi?" Nia ni njema, na madhara yake ni makubwa. Kwanza hakuna atakayewahi kumsikia mtu akiongea hivyo mtaani. Pili unamfundisha kunyamaza ndani ya kitenzi, ugonjwa ule ule unaojaribu kumponya. Ukitaka kupunguza mwendo, tamka kila kipande kizima kwa mwendo wa kawaida na upumzike baina ya vipande: "Kesho asubuhi / ukifika stendi / nipigie simu."

Kwa zoezi la kusikia tumia ujumbe wa sauti wa ndugu halisi, kwa ruhusa yake, usiozidi dakika moja. Taarifa ya habari ya redio ni nzuri baadaye, ila msomaji wa habari hutamka kila herufi, na nyumbani hatufanyi hivyo. Nyumbani "nitakuja" ni "ntakuja", "nimeshakula" ni "nshakula", "sasa hivi" ni "saivi", "halafu" ni "alafu", "ndiyo" ya katikati ya sentensi ni "ndo". Asikilize mara mbili bila kuandika. Mara ya tatu aandike anachosikia, ukisimamisha kila baada ya kipande. Linganisheni. Pale alipokosea mwonyeshe neno kamili na neno lilivyobanwa. Mwisho aongee pamoja na sauti ile, akiifuata kwa karibu, mara tano. Asiandike vifupi hivyo kwenye mtihani, lakini avisikie.

Urefu wa irabu nao usiudharau. "Amekufa" na "amekufaa" zinatofautiana kwa irabu moja tu, na aibu yake haina kipimo. Vivyo hivyo "mtu" ni silabi mbili. Akiifanya "mutu" haina shida kubwa, akiimeza m ikapotea hasikiki.

Saa na salamu

Haya mawili yana faida ya haraka. Kwa saa, mpe saa ya mshale: namba iliyo mkabala na mshale wa saa ndiyo saa yetu. Mshale ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, basi saa moja. Muulize saa ngapi mara kumi kwa siku hadi aache kutazama upande wa pili.

Salamu ni mazungumzo yaliyokwisha kupikwa. Shikamoo, marahaba, habari za tangu juzi, watoto hawajambo, kazi zinaendaje: hizo ni zamu nyingi bila kufikiri, na mdomo umeshapata moto kabla ya mazungumzo yenyewe. Mwambie pia kwamba habari hujibiwa "nzuri" kwanza hata kama kuna shida, shida ikafuata: "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Anayeanza na ugonjwa moja kwa moja huwashtua watu.

Nyumba isiyobadilisha lugha

Kikwazo kikubwa kuliko ngeli ni ukarimu wetu. Mgeni anatamka sentensi mbili, tunampongeza, "Kiswahili chako kizuri sana!", kisha tunahamia Kiingereza. Wekeni saa maalumu ambayo haibadiliki, kwa mfano tangu chakula cha usiku kinapoivishwa hadi vyombo vinapooshwa. Akikwama, wewe baki kwenye Kiswahili, yeye azunguke.

Kwa mtoto aliyezoea kujibu kwa Kiingereza, usimkaripie. Akisema kwa Kiingereza kwamba begi lake limepotea, mjibu: "Aa, begi lako limepotea? Uliliacha wapi?" Umempa kitenzi na ngeli vyote viwili. Halafu mpe kazi ambayo haiwezi kufanyika kwa Kiingereza: ampigie bibi amuulize dawa kaziweka wapi, alete jibu. Na waombe ndugu wasimcheke akichapia. Kicheko kimoja cha binamu kinaweza kumnyamazisha mwaka mzima.

Muda

Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria Kiswahili kwa msemaji wa Kiingereza kuwa wiki 36 hivi, kati ya saa 828 na 900 za darasani, hadi afikie kukifanyia kazi. Hao hawafanyi kingine. Mwanafunzi wako akipata saa tatu kwa wiki, 900 ni wiki 300, karibu miaka sita; akipata saa moja kila siku ni miaka miwili na nusu. Mwambie hesabu hii mwanzoni ili asijione mjinga mwezi wa nne. Lakini kuongea kama maji juu ya mambo machache, nyumba yake, kazi yake, safari yake, huja mapema zaidi, ndiyo maana tunachagua mada finyu na kuzirudia.

Kila baada ya wiki nne mrekodi tena: dakika mbili, swali lile lile la jana tangu kuamka hadi mchana. Weka mikwaju. Mara nyingi silabi haziongezeki sana mwanzoni. Kinachobadilika ni mahali pa mikwaju, inatoka ndani ya vitenzi na kuhamia mwisho wa vishazi. Ukiona hivyo, zoezi linafanya kazi hata kama yeye haoni. Ikibaki pale pale kwa vipimo viwili mfululizo, mada ni ngumu mno au mnasahihishana mno katikati.

Mikwaju ya ndani ya vitenzi ikiisha, acheni kinasa sauti mwende kwenye magumu: apige simu kuulizia nauli na kupatana bei ya mzigo, simu iwe na makelele, mwenzake asijue anaongea na mgeni. Akikatizwa, arudi alipoachia.